Milimita 60 za Machi, Milimita 60 za Mei

Kila yakitokea mafuriko, kabla hata matope hayajakauka sakafuni, naulizwa swali lile lile: tupande miti mingapi ili haya yasirudi? Mwaka 2024 Kenya ilivuka hatua ya kuuliza. Tarehe 10 Mei ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko, taifa likawaomboleza waliofariki kwa mafuriko na wananchi wakahimizwa kupanda miti. Maombolezo yalistahili, na miti sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na swali, maana linaficha lile lililopaswa kuulizwa: udongo ulikuwa katika hali gani jana yake?

Tupige hesabu. Ipo mbinu ya zamani ya Idara ya Hifadhi ya Udongo ya Marekani, ambayo wahandisi wangali wanaitumia kukadiria ukubwa wa kalvati. Chukua bonde la mashamba lililopewa namba ya mtiririko 75 katika majedwali yake, linyeshewe milimita 60. Udongo ukiwa mkavu, yanayotiririka kwenda mtoni ni kama milimita 2. Ukiwa na unyevu wa wastani, 15. Ukiwa umeloweshwa na mvua za siku 5 zilizotangulia, 32. Mvua ni ile ile, shamba ni lile lile, hakuna mti uliokatwa, na mto umepokea maji zaidi ya mara kumi. Milimita moja juu ya kilomita moja ya mraba ni mita za ujazo 1,000, na bonde la mto Nzoia lina zaidi ya kilomita za mraba 12,000. Ndiyo maana Budalangi, huko mto huo unakoishia, huweza kufurika huku jua likiwaka: mvua imenyesha huko juu, Cherangani na Mlima Elgon, kwenye ardhi iliyokwisha kushiba.

Sasa hiyo miti. Tumefundishwa kwamba msitu ni sifongo. Haya, sifongo iliyojaa hunyonya nini? Majani hushika milimita chache, kisha yanadondosha. Mizizi nayo huvuta milimita chache kwa siku, tena siku za jua. Wiki nzima ya mawingu haivuti cha maana. Kinachobaki ni udongo wenyewe. Tuseme una kina cha mita moja, na sehemu moja ya kumi ya ujazo wake ni nafasi tupu. Hapo zinaingia milimita 100. Zinazofuata hazijali kama juu yake kuna mvule, mkaratusi au mahindi.

Msitu una faida yake: hulegeza udongo, hupunguza mmomonyoko, na huukausha udongo kati ya mvua moja na nyingine, hivyo mvua za mwanzo wa msimu hupata pa kuingia. Hapo nakubali bila kusukumwa. Mafuriko makubwa ya mwisho wa msimu ni habari nyingine kabisa. Anayebisha anieleze mwaka 1961. Misitu ilikuwa mipana kuliko ya leo, na bado mvua za mwishoni mwa mwaka ule zilianzisha mafuriko na kupanda kwa Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Au anieleze 2020. Vuli ya 2019 ilipitiliza, masika yakakuta ardhi haina nafasi. Nzoia ikavunja kingo, na mwezi Mei ziwa likaipita rekodi ya 1964. Kati ya Oktoba na Mei hakuna aliyefyeka misitu yote ya Cherangani. Na hapo nazungumzia msitu uliokomaa, sembuse mche wa tarehe 10 Mei!

(Ardhi kavu nayo si malaika. Iliyofanya ukoko kwa kukanyagwa na mifugo humwaga hata mvua ya kwanza.)

Basi ufanye nini? Usisikilize milimita za leo pekee. Jumlisha na za siku 5 zilizopita. Utazame mto siku isiyo na mvua: usiposhuka kurudi ulipokuwa, ardhi imejaa. Chemchemi zilizokufa zikifufuka, au shimo la choo likijaa maji kutoka chini, ni habari hiyo hiyo. Kalvati zizibuliwe kabla ya msimu. Mabwawa yaachiwe nafasi mapema, si usiku wa mafuriko. Watabiri nao hawana kisingizio: tangu 2015 setilaiti ya NASA iitwayo SMAP hupima unyevu wa sentimita 5 za juu za udongo, na data zake ni za bure. Nawe unayeishi kando ya mto, ukiona dalili hizo, hamisha wazee, watoto, mifugo na vyeti siku hiyo hiyo. Usingoje itangazwe mvua kubwa. Katika hali hiyo, mvua ya kawaida inatosha kukufikishia maji mlangoni.