Punguza Mzigo, Lakini Usitupe Breki

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kumwona mtu akisukuma mkokoteni. Ukiwa mtupu, mara unaondoka. Ukijaa magunia ya mahindi, jamaa huinama na kutoka jasho, na magurudumu husogea polepole, ingawa nguvu zake ni zile zile. Jambo hilo ndilo siri ya mchezo mmoja wa Wamarekani, yaani kushindanisha motakaa mbili katika njia iliyonyoka.

Motakaa husimama sambamba. Taa ikiwaka, huruka mbio hadi mwisho wa robo maili, yaani futi 1,320, ambazo ni kama meta 402. Chama kikubwa cha mchezo huo, NHRA, kilianzishwa na Wally Parks mwaka 1951, kusudi vijana waache kushindana katika barabara za watu na wapate mahali penye sheria na usalama.

Sasa sikiliza hesabu yao. Mafundi husema kwamba ukiondoa ratili 100, kama kilo 45, motakaa ya kawaida hupunguza karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Utasema ni kidogo. Lakini motakaa inayofika mwisho kwa mwendo wa kilometa 170 kwa saa hukata karibu meta 5 katika muda huo. Huo ni urefu wa motakaa nzima! Mmoja ashinda, mwingine ashindwa.

Basi watu walitafuta kila hila. Mwaka 1963 kampuni ya Pontiac ilitoboa matundu mengi katika fremu ya motakaa chache za aina ya Catalina, hata watu wakaziita jibini la Uswisi. Mwaka 1964 Ford ilitengeneza Thunderbolt. Boneti yake ilikuwa ya faibaglasi, na badala ya vioo vya madirisha iliwekwa plastiki. Redio na hita viliondolewa. Betri nayo, kwa kuwa haikuweza kutupwa, ilihamishwa nyuma kwenye buti.

Kwa nini nyuma? Kwa sababu magurudumu ya nyuma ndiyo yaliyosukuma. Yakikosa uzito juu yake huzunguka bure, na mipira huungua moshi bila motakaa kwenda. Kwa hiyo mwenye akili haondoi uzito ovyo. Huanza na ule wa mbele. Tena hutafuta magurudumu mepesi, maana injini ina kazi mara mbili juu ya gurudumu: kulipeleka mbele na kulizungusha.

Lakini hapa, ndugu yangu, ndipo penye neno. Ukitoboa chuma kupita kiasi, hupasuka. Ukitupa mkanda wa kiti, au ukiweka breki hafifu ili upate wepesi, umeuza uhai wako kwa sehemu ya sekunde. Ndiyo sababu chama kiliweka uzito ambao motakaa haikuruhusiwa kupungua. Kwa daraja la Thunderbolt ulikuwa ratili 3,200, kama kilo 1,450. Na leo, motakaa zenye kasi kubwa hubeba mabomba ya chuma ya kumzunguka dereva, na miamvuli ya kuzisimamisha. Vyote ni vizito, wala hakuna anayevilalamikia.

Wewe mwenye motakaa nyumbani, fungua buti yako leo. Mawe, vyuma vibovu na makopo matupu unayoyabeba mwaka mzima yanakula petroli yako, yatoe. Lakini gurudumu la akiba, jeki na mikanda viache mahali pake.

Mtume Paulo naye aliyafananisha maisha ya Mkristo na mashindano ya mbio. Tuna mizigo mingi ya kutupa: kinyongo, majivuno, madeni ya anasa. Ila tuangalie, katika haraka ya kuwa wepesi, tusije tukatupa na breki.