Je, Breki za Lori Lako Zinahitaji Kubadilishwa?

Lori lililoteremka na mboga kutoka Mgeta huweza kufika Morogoro mjini breki zikiwa dhaifu na zikitoa harufu ya kuungua. Dalili hizo pekee hazithibitishi kwamba lainingi zimekwisha: joto la mteremko mrefu, marekebisho mabaya au uvujaji wa upepo huzileta pia. Hata hivyo, lori lisirudi barabarani kabla chanzo hakijajulikana. Breki zikishapoa, mtake fundi afungue dramu mbele yako na kupima lainingi. Zikiwa nyembamba kuliko kipimo cha mtengenezaji, zimepasuka au zimelowa mafuta, zibadilishwe kwa magurudumu ya pande zote mbili za ekseli hiyo. Dai risiti na vipuri vilivyotolewa.