Kadi ya kamera ikigoma, usiifomati

Mwaka jana tulipeleka bibi harusi Meru. Toka Mji wa Kale hadi Meru mjini, kwa njia ya Nairobi, Embu na Chuka, ni safari ya kuwachosha vijana, sembuse nyanya yake bibi harusi aliyepita miaka 80. Alishikilia kwenda, akaenda. Asubuhi ya nikahi alikaa chumbani na mjukuu wake, akamfukiza udi, akamshika kichwa na kumwombea dua. Mimi ni mamake mdogo bibi harusi, nilikuwemo humo chumbani. Mpiga picha, binti wa huko huko Meru, alizipiga picha zote hizo.

Miezi miwili baadaye nyanya alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Picha zile za chumbani hatuna. Nimeulizwa mara nyingi ilikuwaje, na kwa kuwa nilisomea kompyuta kiasi cha diploma, nataka nieleze hapa, maana wako wengi ambao yatawapata hayo hayo na bado wana nafasi ya kuziokoa picha zao.

Ilikuwa hivi. Jioni, wageni wakiaga, betri ya kamera ilizimika wakati kamera bado inaandika picha kwenye kadi. Binti alipotia betri nyingine, kamera ikamwambia kadi haisomeki, je, aifomati? Akabonyeza ndiyo. Kadi ikarudi kuwa nzima, tupu. Kwa hofu hakutuambia. Kesho yake alikuwa na kazi nyingine Embu, akaenda nayo kadi ile ile, akapiga picha 250 hivi. Siku ya nne ndipo aliponipigia simu analia.

Kosa kubwa hapo watu hudhani ni lile la Meru, la kufomati. Wallahi si hilo. Picha zilipotea Embu.

Ndani ya kadi mna vichumba vidogo mno vinavyoshika chaji ya umeme. Ni kumbukumbu aina ya flashi, kazi aliyoianzisha Fujio Masuoka katika kampuni ya Toshiba huko Japani miaka ya 1980. Kadi hizi za SD zenyewe zilikuja mwaka 1999. Kila picha hulala katika vichumba vyake, na mwanzoni mwa kadi pana orodha inayosema picha fulani iko wapi. Ifananishe na sajili ya viwanja. Ukiichoma sajili, nyumba hazijabomoka, ila hakuna ajuaye ipi ni ya nani. (Sisi watu wa Pwani mfano huu hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.) Betri ilipozimika, sajili iliachwa nusu imeandikwa, na kamera ikashindwa kuisoma. Kufomati, katika kamera nyingi, ni kuanza sajili mpya isiyo na jina hata moja. Picha zenyewe bado zimo. Zitabomolewa pale utakapojenga juu yake, yaani utakapopiga picha mpya.

Kwa hivyo kadi ikikugomea, itoe kwenye kamera na uiweke kando. Usipige hata picha moja ya kujaribu, wala usikubali kompyuta ikikwambia itaitengeneza. Kama waogopa kusahau, ifunge kwa ile swichi ndogo ya ubavuni. Kisha iunganishe na kompyuta na utumie programu ya kutafutia picha zilizopotea. Mimi nilitumia PhotoRec, ambayo ni ya bure. Haijali sajili, hupita kadi yote, kichumba baada ya kichumba, ikitafuta ile alama ambayo kila picha ya JPEG huanza nayo, na ikiipata hunakili picha nzima. Lakini iambie iziweke ndani ya kompyuta, si kwenye kadi ile ile, ama utakuwa wavunja nyumba kwa mkono wako mwenyewe. Na kadi isiposomeka kabisa kwenye kompyuta yoyote, hiyo ni kazi ya mafundi wenye vifaa maalum, na gharama yake si ndogo.

Kuna maradhi mengine yasiyokuwa na dawa. La kwanza ni kadi bandia, na hizi zimejaa. Kadi yenye nafasi ya GB 8 huchezewa ndani ijitangaze ni ya GB 64, ikabandikwa jina la kampuni kubwa na kuuzwa kwa bei ya kufurahisha. Ukishapita zile nane, picha mpya ama zaandikwa juu ya za zamani ama hazihifadhiwi popote, na kamera yaendelea kuhesabu kana kwamba hakuna neno. Utagundua nyumbani. Kadi mpya ijaribu kabla ya kwenda nayo kazini: kwenye Windows kuna programu iitwayo H2testw, inayoijaza kadi mpaka pomoni kisha kuisoma tena kuona kama kilichoingia ndicho kilichotoka. Inachukua muda mrefu, basi iache ifanye kazi wewe ukiendelea na shughuli zako.

Uchakavu nao upo. Vichumba vile huandikwa na kufutwa idadi maalum ya mara, katika kadi za kawaida siku hizi takriban 1,000 hadi 3,000. Mtu wa picha za familia hafiki huko. Kamera ya ulinzi inayorekodi usiku na mchana hufika, kwa hiyo usimpe mpiga picha kadi iliyotoka dukani kwenye kamera ya ulinzi. Tena chaji huvuja polepole kadi ikikaa kabatini miaka na miaka. Kadi ni ya kubebea picha, si ya kuzihifadhia. Sisi huku chumvi na jasho pia hushika vile vibati vya dhahabu nyuma ya kadi. Pangusa kwa kitambaa kikavu kabla ya kulaani duka.

Mkiajiri mpiga picha wa harusi, muulizeni swali moja kabla ya bei: kamera yake ina nafasi ya kadi mbili? Zenye mbili huweza kuandika picha moja mahali pawili kwa wakati mmoja, na kadi moja ikifa harusi ingali iko. Kama hana, basi abadilishe kadi katikati ya shughuli, asubuhi moja na jioni nyingine, na asifute kitu mpaka nakala mbili ziwe mahali pawili tofauti. Na betri ikionyesha alama nyekundu, aibadilishe hapo hapo, asiseme bado kidogo.

Simlaumu sana yule binti. Hakuna aliyemfundisha, na kamera yenyewe ndiyo iliyomshauri afomati. Kadi aliituma kwa basi, nikakaa nayo usiku mzima. Zilitoka picha 340 za Meru. Ya mwisho kabisa, ile iliyokuwa ikiandikwa betri ilipozimika, nusu yake ya juu ni wageni wakipeana mikono na nusu ya chini ni kijivu kitupu. Walima upo, chakula kipo, na nyanya yumo katika picha tisa, zote za mbali, moja akipanda gari kurudi. Za chumbani hazimo. Kamera huanza kujaza mwanzoni mwa kadi, na picha za Embu zilikaa pale pale zilipokuwa za asubuhi.