Ukiukosa mpira wa gofu usilaumu fimbo, angalia kiuno

JE, wewe ni miongoni mwa wale wanaoketi ofisini kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, kisha Jumamosi asubuhi wanakimbilia uwanja wa gofu? Mpira wa kwanza unaupiga vizuri hadi kedi wako anatabasamu. Wa pili, fimbo inachimba udongo na mpira unajikokota hatua chache tu. Wa tatu unaugonga utosini, nao unatambaa nyasini kama panya. Jioni unarudi nyumbani umeshika kiuno, na moyoni umekata shauri kununua fimbo mpya.

Ngoja kwanza. Mara nyingi kinachokufanya uukose mpira ndicho hicho hicho kinachokuumiza mgongo.

Mpira wa gofu una upana wa milimita 43 hivi na uzani usiozidi gramu 46. Fimbo huugusa kwa muda wa karibu nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda huo huwezi kurekebisha lolote. Mwili huwa umekwisha kuamua.

Mpira ukiwa chini kwenye nyasi, fimbo ya chuma yapasa kuugusa mpira kwanza, kisha nyasi. Kama bembea, fimbo ina mahali inapofika chini kabisa. Mahali hapo pakiwa nyuma ya mpira, utachimba udongo, au fimbo itakuwa imeanza kupanda na itaugonga mpira utosini.

Ni nini huamua mahali hapo? Hasa ni mguu unaobeba uzito wako. Kwa anayetumia mkono wa kulia, fimbo inaposhuka uzito wapasa kuhamia mguu wa kushoto, ule ulio upande wa shimo. (Wa shoto ageuze maelezo haya.) Wengi hubaki wameegemea mguu wa kulia, wakijaribu kuuinua mpira kwa mikono. Mpira hauhitaji kuinuliwa. Uso wa fimbo umelazwa makusudi ili kufanya kazi hiyo.

Nyonga zilizokakamaa

Hapa ndipo kiti cha ofisi kinapoingia. Anayeketi kutwa nzima, nyonga zake hukakamaa. Sehemu ya chini ya uti wa mgongo haikuumbwa kujipinda sana. Kazi ya kugeuka ni ya nyonga na ya mgongo wa juu. Nyonga zikikataa, uzito hauhami na kiuno hulazimika kufanya kazi isiyo yake. Si ajabu kwamba kiuno ni mojawapo ya sehemu zinazoumia zaidi miongoni mwa wachezaji gofu. Hata bingwa Tiger Woods alifanyiwa upasuaji wa mgongo mara nne kati ya 2014 na 2017 kabla ya kushinda tena Masters mwaka wa 2019.

Ufanye nini?

Kwanza, pasha mwili joto kwa dakika kumi kabla ya kucheza. Tembea haraka, zungusha mabega, geuza nyonga kushoto na kulia, kisha zungusha fimbo polepole bila mpira.

Pili, unaposimama mbele ya mpira, inama kutoka nyongani, magoti yakiwa yamelegea kidogo. Usikunje mgongo kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka.

Tatu, usikabe fimbo. Ishike kama unavyomshika mtoto mkono mkivuka barabara: asiponyoke, lakini asiumie.

Nne, chora mstari kwenye nyasi pale wanapofanyia mazoezi. Simama mstari ukiwa katikati ya miguu yako, uzungushe fimbo bila mpira, kisha uangalie ilipokata nyasi. Alama ianzie mstarini na kuelekea upande wa shimo. Ikianzia nyuma ya mstari, uzito wako haujahama. Rudia mara kumi kwa nusu ya nguvu zako. Alama zikianza kulingana, ndipo uweke mpira.

Tano, usingoje Jumamosi. Ukiwa kazini, inuka kila baada ya saa moja, utembee kidogo na kunyoosha nyonga. Nyumbani, jizoeze kusimama kwa mguu mmoja, sekunde kumi kila upande.

Maumivu madogo ya misuli kwa kawaida hupungua baada ya siku chache. Lakini yakiendelea kwa majuma, au yakishuka hadi mguuni pamoja na ganzi au udhaifu, weka fimbo chini umwone daktari. Ukishindwa kuzuia haja, au ukihisi ganzi katikati ya mapaja, kimbilia hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua pochi, jaribu mstari ule kwa mwezi mmoja. Fimbo huuzwa dukani, mgongo hauuzwi.