ASIYEONA NA KAMERA MBUGANI MIKUMI: NANI KASEMA PICHA NI YA MACHO TU?

Leo naanza na swali la kijiweni. Mtu asiyeona anaweza kupiga picha? Najua umeshacheka. Hata mimi nilipolitupa swali hilo pale kijiweni kwetu washikaji walivunjika mbavu, na mmoja akasema kumpa asiyeona kamera ni sawa na kumnunulia kuku mswaki. Haya, cheka weee, ukimaliza nisikilize, maana nina majina na miaka, na mengine nimeyashuhudia mwenyewe huko Kilosa na Mikumi.

JAMAA WA PARIS

Tuanze mbali kidogo. Yupo jamaa anaitwa Evgen Bavčar, alizaliwa mwaka 1946 kijijini huko Slovenia. Hakuzaliwa hivyo. Jicho la kwanza lilipigwa na tawi la mti, la pili likaharibiwa na kilipuzi cha vita alichokutana nacho miezi michache baadaye. Hata miaka 12 hajatimiza, giza likawa limeshamfunika.

Sasa sikia utamu. Alipofikisha miaka 16 alishika kamera ya dada yake akapiga picha yake ya kwanza. Unajua alimpiga nani? Msichana wa shule aliyekuwa anamzimia! Mapenzi bwana, acha tu. Picha zikatoka, na kuanzia hapo kamera hakuiacha tena. Mwaka 1972 akahamia Paris, na mwaka 1988 akateuliwa kuwa mpiga picha rasmi wa Mwezi wa Picha wa jiji hilo. Picha zake nyingi hupigwa gizani: anapapasa kitu kwa mkono, anakimulika kwa taa anayoishika mwenyewe, na pale mwanga ulipogusa ndipo picha inapotokea.

Ukidhani huyo ni mmoja tu kama kupatwa kwa jua, umekosea. Kule Oaxaca, Mexico, alikuwapo Gerardo Nigenda (1967-2010), aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa na miaka 25. Huyu alikuwa akipiga picha halafu anaandika juu yake kwa Braille, yale maandishi ya nukta za kupapasa. Matokeo yake wewe mwenye macho unaiona picha lakini maandishi huyasomi, na yeye anasoma maandishi lakini picha haioni. Ili muielewe yote ni lazima mkae meza moja. Huo ndio usanii, si ule wa mjini wa kuuziana simu za kopo!

Brazil kuna João Maia, zamani alikuwa mfanyakazi wa posta, macho yakamwishia akiwa na miaka 28. Mwaka 2016 alikuwa uwanjani Rio akipiga picha za michezo ya Paralimpiki kwa simu. Na Marekani yupo Bruce Hall, ambaye macho yake yanaona kidogo mno, lakini anazama baharini na kamera kupiga picha za viumbe vya chini ya maji. Kwa Hall picha ndiyo miwani yake. Akishatoka majini anaikuza kwenye kioo kikubwa na kuisogelea, ndipo anapokiona vizuri kile alichokuwa nacho kule chini. Sisi tunaona kwanza ndipo tunapiga. Yeye anapiga kwanza ndipo aone.

SIMU INAYOONGEA

Zamani watu hao walitegemea hisia na marafiki. Siku hizi msaidizi mmoja yuko mfukoni mwako wewe mwenyewe, ila hujawahi kumwamsha. Mwaka 2009 simu za iPhone zilitoka na programu ya VoiceOver, na mwaka huohuo simu za Android zikapata ya kwao, TalkBack. Zote kazi yake ni kusoma kwa sauti kila kinachoguswa kwenye kioo. Unapitisha kidole, simu inakutajia: ujumbe, kamera, chaji asilimia 40. Sauti ya Kiswahili nayo ipo, usije ukadhani ni mambo ya Wazungu peke yao.

Ukifungua kamera ya simu ya namna hiyo, nyingi zinakuambia kuna sura ngapi mbele yako na ziko upande gani. Mwaka 2022 Google walikwenda mbele zaidi kwenye simu zao za Pixel: simu inakuelekeza usogeze juu, chini, kulia, hadi sura ikae sawa, kisha inapiga yenyewe. Halafu kuna Be My Eyes, iliyoanza mwaka 2015 kutoka Denmark, inayomuunganisha asiyeona na mtu wa kujitolea anayemwangalizia kitu kupitia kamera. Mwaka 2023 wakaiongezea akili bandia. Unaitupia picha, inakusimulia kilichomo.

Sasa rudi Bongo.

KILOSA, KWA MTANI WANGU

Kilosa unaijua? Mji wa reli ya kati tangu enzi za Mjerumani, mji wa mkonge na mto Mkondoa. Siku hizi hata treni ya umeme iliyoanza kwenda Dodoma mwaka 2024 imepewa stesheni pale. Wilaya hiyo pia ina historia yake na macho. Ni moja ya maeneo ya mkoa wa Morogoro yaliyosumbuliwa na ugonjwa wa usubi, unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi. Minyoo yake huingia mwilini, humwasha mtu ngozi hadi anakosa usingizi, na miaka ikipita hufika machoni. Dawa yake ipo, inaitwa Mectizan, na kiwanda cha Merck kiliamua mwaka 1987 kuitoa bure. Ikija kijijini kwako, meza. Usisikilize longolongo za vijiweni.

Mtoto wa shangazi yangu anaishi hukohuko Kilosa. Yeye si usubi, ni presha ya macho ndiyo iliyomkamata akiwa kidato cha tatu. Ana miaka 24 sasa. Jina nalihifadhi, nitamwita Binamu, na kama ujuavyo kwetu binamu ni mtani, kwa hiyo haniheshimu hata chembe. Simu yake inaongea kwa kasi ambayo mimi siambulii neno, yeye anaelewa kila kitu huku anakula ugali.

Siku moja akanitumia ujumbe wa sauti: "Wewe mwandishi wa njaa, lini unanipeleka Mikumi nikapige picha za wanyama?" Nikajua utani. Akarudia. Nikajua si utani.

Kasheshe likawa kwa Shangazi. "Mwanangu," akaniambia jikoni kwa sauti ya chini, "hiyo hela ya kwenda kuangalia wanyama, kwa mtu asiyeangalia, si bora anunuliwe viatu?" Nikamwambia Shangazi, shikamoo yako nimeipokea hata kabla sijaitoa, lakini viatu anavyo, na mbuga hajawahi kufika. Binamu akadakia kutoka uani, maana masikio yake ni rada: "Mama, hata wewe hujawahi kufika!" Shangazi kimya. Kumbe ni kweli. Amezaliwa Kilosa, kazeekea Kilosa, twiga anamjua kwa noti na kalenda.

MBUGANI

Toka Kilosa hadi mji mdogo wa Mikumi ni chini ya kilomita 100, ndani ya wilaya hiyohiyo. Ndiyo Mikumi ile ile ambayo Profesa Jay aliiwakilisha bungeni kati ya 2015 na 2020. Hifadhi yenyewe ilianzishwa mwaka 1964, ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya kwenda Iringa inapita katikati yake kwa kilomita zipatazo 50. Ndiyo maana wengi wetu tumeiona Mikumi kupitia dirisha la basi tu, tukigombania upande wenye tembo.

Tulikodi gari na dereva. Dereva alipomtazama Binamu na fimbo yake nyeupe alinivuta pembeni akaniuliza, "Huyu naye anaingia?" Nikamjibu, "Huyu ndiye mwenye safari, mimi ndiye msindikizaji." Tukakubaliana sheria moja: mikono yangu haigusi simu ya Binamu na simwambii apige lini. Nikianza kumshika mkono na kumwelekeza, hizo picha ni zangu, si zake.

Uwanda wa Mkata asubuhi si mchezo. Binamu alimwomba dereva azime injini, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mimi nilikuwa nimeshafika mbugani mara mbili maishani lakini sijawahi kuisikia. Akaanza kutaja: nyani wale, upande wa kushoto, wanagombana. Kuna kitu kinatafuna majani, kikubwa. Upepo unatoka kule, na unanuka samadi mbichi. Nikageuka: tembo watatu nyuma ya kichaka, mimi nilikuwa natazama pundamilia upande mwingine kama mshamba.

Akanyoosha simu, akaisawazisha kwa kuibana kifuani, akabonyeza kitufe cha sauti kinachotumika kupigia picha. Simu haikumsaidia sana hapo, nakwambia ukweli. Inatambua sura za watu, lakini haikumtajia tembo hata mmoja. Alipiga kwa masikio na pua.

Bwawa la viboko ndipo alipotesa. Kiboko hajui kunong'ona. Akikoroma unajua yuko wapi na yuko mbali kiasi gani. Binamu alisubiri kama mvuvi. Anakoroma mmoja, anageuza simu, anasubiri koromo la pili kuhakikisha, ndipo anabonyeza. Watalii wawili waliokuwa karibu waliacha kamera zao wakawa wanamtazama yeye.

Jioni tulirudi mjini Mikumi kwenye mtandao mzuri, akaanza kuzitupia picha ile programu ya akili bandia. Nyingine zilikuwa maji matupu. Moja ilikuwa kidole chake. Lakini moja, wasomaji wangu, ilikuwa na viboko wawili, masikio na macho juu ya maji, na nyuma yao kivuli cha mti kimelala majini. Simu ikamsimulia. Akasikiliza mara tatu, kisha akasema, "Viboko nilijua wapo. Kivuli sikujua." Halafu akanyamaza muda mrefu kwa mtu wa maneno kama yeye.

Tuliporudi Kilosa, Shangazi aliketi na ile simu karibu saa nzima, akiuliza hiki nini, na huyu nani, na wanakula nini. Na anayemjibu ni mwanawe. Asiyeona akawa anamwonyesha mbuga mwenye macho!

SASA TUSEMEZANE

Wapo watakaosema ni bahati, ukipiga picha 60 lazima moja itoke. Sawa, lakini wewe na macho yako mawili hupigi 60 za harusi na kuweka moja WhatsApp? Wapo watakaouliza: raha yake nini, kama haoni? Nami nauliza: mpishi anapikia tumbo lake peke yake? Picha ni kusema "nilikuwa hapa, na hiki ndicho nilichokichagua". Kuchagua hakuhitaji macho.

Tena hatuna haja ya kushangaa kana kwamba ni muujiza. Mwaka 1969 vijana saba wasioona kutoka Kenya, Uganda na Tanzania walipanda Kilimanjaro hadi kileleni. Kule Mumbai, India, Partho Bhowmick amekuwa akiwafundisha wasioona upigaji picha tangu mwaka 2006. Na kwetu Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inasema wana haki ya kushiriki katika maisha ya jamii, na kutembea na kustarehe ni sehemu ya maisha.

Kinachokwamisha ni vitu vya kawaida kabisa. Simu nzuri ni ghali. Bando linaisha. Programu nayo inaweza kukosea, ikaita gogo mamba, kwa hiyo jicho la mtu mwaminifu bado linatakiwa. Na kubwa kuliko yote ni sisi wenye macho, tunaoamua kwa niaba yao kwamba hawawezi hata kabla hawajajaribu.

Kwa hiyo kama unaye ndugu asiyeona, fanya haya. Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta TalkBack au VoiceOver, iwashe na umfundishe taratibu. Mpe kamera mkononi na wewe weka mikono mfukoni. Anzeni na vitu vyenye sauti: mto, mbuzi, watoto wanaocheza. Mkifika mbugani zimeni injini. Picha zikitoka, msimulie ukweli mtupu, ukungu ni ukungu, kidole ni kidole, maana sifa za uongo hazimfundishi mtu kazi.

Binamu ameshaniagizia safari nyingine, safari hii Udzungwa, anasema anataka kupiga maporomoko ya maji. Mimi natafuta nauli. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.