Kuzungumza Habari kwa Kifaransa: Pa Kuanzia

Mpenzi msomaji, najua utauliza: Kifaransa kimeingiaje katika gazeti la Chama cha Kiswahili? Hata mhariri aliniuliza hivyo hivyo. Jibu langu ni kwamba Kiswahili ndicho kilichonisaidia kukielewa Kifaransa cha habari. Tena, kosa kubwa nililowahi kufanya katika Kifaransa nililitamka kwa Kiswahili, mbele ya mtu ambaye habari yenyewe ilimhusu. Nitafika huko.

Sisi tuliochukua Kifaransa tangu kidato cha kwanza tunajua mambo yalivyo. Mwaka mzima unataja jina lako, umri wako, na kwamba una ndugu wawili na paka, hata kama nyumbani hamna paka. Kisha siku moja mwalimu anaingia na kuuliza, "Quoi de neuf dans l'actualité?", yaani kuna jipya gani katika habari, na darasa zima linageuka kutazama dirishani. Si kwamba hatuna habari. Habari tunazo tele, asubuhi ndani ya matatu hakuzungumzwi jingine. Maneno ndiyo hayapo.

Basi nianze na la kutia moyo. Kwa mtu anayeanza, Kifaransa cha habari ni rahisi kuliko cha sokoni. Ukitumwa vitunguu na sukuma wiki kwa Kifaransa utarudi na kikapu kitupu. Lakini maneno kama le président, le gouvernement, le parlement, l'élection, la crise na la police, mwanafunzi yeyote wa shule hii akiyaona ameandikwa atayatambua kwa sababu ya Kiingereza. Kuyasikia redioni ni jambo jingine, maana Wafaransa huandika herufi nyingi za mwisho halafu hawazitamki.

Urahisi huo nao una miiba. Manifestation ni maandamano. Grève ni mgomo. Actuellement ni "hivi sasa", wala si lile neno tunalopenda kuanzia sentensi za Kiingereza. Attentat ni shambulio lenyewe, si jaribio. Mimi niliwahi kusimama darasani nikatafsiri "trois blessés" nikasema kwamba katika ajali ya barabarani watu watatu wamebarikiwa. Kumbe blessé ni majeruhi. Darasa lilicheka mpaka kengele ikalia.

Sasa sentensi yenyewe inajengwaje? Anza na mahali ulikoitoa habari. Haya ni maneno machache tu: "Selon la radio" au "D'après le journal", yaani kwa mujibu wa redio, kwa mujibu wa gazeti. Ama useme "J'ai lu que", nimesoma kwamba, au "J'ai entendu que", nimesikia kwamba. Ukishatamka hayo umepata nafasi ya kupumua na kufikiria kitenzi. Halafu sema ni nani, kafanya nini, wapi, lini. Mfano: "Selon la radio, les professeurs ont commencé une grève lundi." Kwa mujibu wa redio, walimu walianza mgomo Jumatatu. (Walimu wetu wanisamehe, ni mfano tu.)

Kitenzi cha habari aghalabu huwa katika wakati uitwao passé composé, ambao una msaidizi mbele. Vitenzi vingi huchukua avoir: "Le président a parlé", rais amezungumza. Vichache, hasa vya kwenda na kurudi, huchukua être: "Le ministre est arrivé", waziri amewasili. Waziri akiwa mwanamke utaandika "La ministre est arrivée", kwa e moja zaidi ambayo haisikiki. Mtu akitendwa jambo, unaingiza été: "Deux hommes ont été arrêtés", wanaume wawili wamekamatwa. Hapo ndipo niliposhukuru kuzaliwa katika Kiswahili. Sisi tunatia w ndogo tu mwishoni mwa kitenzi na kazi imekwisha.

Nchi nazo zina ngeli zake, mbili tu, za kike na za kiume. Kenya ni ya kiume kwa hiyo unasema au Kenya, kama au Rwanda na au Burundi. Tanzania ni ya kike: en Tanzanie. Uganda ni ya kiume lakini inaanza na irabu, basi nayo inapewa en: en Ouganda. Mji ni à tu: à Nairobi, à Goma. Anayelalamika kuhusu hilo akumbuke mgeni anayejifunza ngeli zetu zote.

Nimeutaja Goma. Jirani yetu mmoja ni mama fundi wa nguo aliyetoka huko, na kibanda chake kiko kwenye njia ninayopita kila jioni nikitoka shuleni. Si unajua sisi wa shule ya kutwa, kila mwenye kibanda njiani anatujua. Mwishoni mwa Januari 2025, wapiganaji wa M23 walipoingia Goma, huyu mama alikuwa akishona sare za shule za watu huku simu iko sikioni. Mama yake mzazi anakaa karibu na uwanja wa ndege wa Goma, na simu yake haikupatikana.

Mimi wakati huo nilikuwa kidato cha pili, na kimbelembele kilikuwa kimenijaa. Nyumbani nilichukua simu ya kaka yangu, nikasoma habari za Kifaransa, nikaelewa sentensi nzima bila kamusi. Furaha gani! Sentensi ilikuwa ya namna hii: "L'aéroport serait aux mains des rebelles." Nikatoka mbio mpaka kibandani. "Mama, uwanja wa ndege umetekwa na waasi. Wameandika."

Aliweka mkasi chini. Hakuniuliza kitu. Alikunja kitambaa alichokuwa akikikata, akafunga kibanda kabla ya magharibi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Asubuhi nikipita akaniita, akataka kuona maneno yenyewe. Akayasoma mara moja. "Mutoto yangu," akasema, "habakusema est. Banasema serait."

Hiyo serait, mpenzi msomaji, vitabu vyetu huifundisha katika somo la conditionnel, pale tunapojifunza kusema "je voudrais", ningependa. Kwa hiyo mwanafunzi anaijua kama -nge- yetu, na akiikuta katika habari anaona haileti maana, anairuka. Ndivyo nilivyofanya mimi. Lakini katika habari ina kazi nyingine kabisa. Mwandishi akiandika serait badala ya est, au aurait badala ya a, anakwambia: nimeambiwa hivi, lakini sijathibitisha, usinishike shati. "Le ministre a démissionné" ni waziri amejiuzulu, habari imekwisha. "Le ministre aurait démissionné" ni inasemekana waziri amejiuzulu. Kwa hiyo ukitafsiri usitumie -nge- hata kidogo. Tumia inasemekana, yadaiwa, inaripotiwa. Kiswahili kinahitaji neno zima kwa jambo ambalo Kifaransa kinalificha ndani ya kitenzi, na ndiyo maana ni rahisi kulipoteza njiani.

Redioni hatari inazidi. Kuna est (iko), kuna sera (itakuwa), na kuna serait (inasemekana iko). Hizi mbili za mwisho zinatofautiana kwa irabu moja tu, na msomaji wa habari hangoji mtu.

Habari ile ilikuja kuthibitika, uwanja kweli ulikuwa umetekwa. Wenzangu wakisikia kisa hiki huniambia, ati basi ulikuwa sawa. Sikuwa sawa. Saa ile nilipozungumza, mwandishi mwenyewe hakuwa na hakika, mimi nikaongeza hakika kutoka mfukoni mwangu, na mtu akalala nayo usiku mzima. Mama yake alipatikana kwa simu siku ya nne, mzima.

Tangu hapo nikipita jioni humwambia habari moja kwa Kifaransa, sentensi tatu, naye hunisahihisha bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. Tarakimu ndizo zinazotugombanisha. Mwalimu hutaka 70 iwe soixante-dix, yaani sitini na kumi, na 90 iwe quatre-vingt-dix, ishirini nne na kumi. Fikiria 97: ishirini nne na kumi na saba! Huyu mama husema septante na nonante, kwa sababu Kongo ilipata Kifaransa chake kutoka kwa Wabelgiji, na hesabu yao hapo ni nyepesi. Nikiwa kibandani nasema nonante, nikiwa darasani quatre-vingt-dix. Tena jihadhari na milliard, ambayo ni bilioni yetu. Ukikuta billion katika Kifaransa, hiyo ni trilioni, na bajeti ya nchi itakuwa imekupotea kwa sifuri tatu.

Asiye na jirani kama huyu anaweza kusikiliza taarifa ya RFI iitwayo Le Journal en français facile. Ni dakika 10, imetengenezwa kwa wanaojifunza, na maneno magumu hufafanuliwa humo humo. Mtandaoni kuna maandishi yake pia. Bando ikiwa chache, mimi husoma maandishi nikaacha sauti. Usijaribu kuelewa habari zote. Chagua moja, tafuta ni nani na kafanya nini, kisha kikague kitenzi: kinathibitisha au kinasikia tu?

Limebaki la maoni, maana mwalimu haishi kuuliza, "Et toi, qu'est-ce que tu en penses?", na wewe unaonaje? Jibu jepesi ni "Je pense que", nadhani kwamba, au "Je suis d'accord", nakubaliana. Lakini ukitaka kukataa kwa "Je ne pense pas que", kitenzi kinachofuata kinabadilika kuwa subjonctif, na huko bado hatujafika. Kwa hiyo mimi husema "À mon avis, non", kwa maoni yangu hapana, nikaketi haraka kabla hajaniuliza kwa nini.