Kukohoa Damu Baada ya Ujauzito: Si Kila Mara ni TB



Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tukisikia mtu anakohoa damu, mawazo yanakwenda kwenye TB. Daktari wa huku ugenini naye akijua ulikotoka anaweza kuwaza hivyo hivyo. Kupimwa TB ni sawa. Lakini kwa mwanamke aliyewahi kushika mimba, hata ikiharibika, upo ugonjwa mwingine wa nadra usiofaa kusahauliwa.

Ni ugonjwa gani?

Unaitwa koriokasinoma. Ni saratani ya chembechembe zinazojenga kondo la nyuma. Huweza kufuata mimba ya zabibu (ile yenye vifukovifuko vya maji kama kichala), mimba kuharibika, au hata uzazi salama. Huweza kujitokeza baada ya miezi, pengine miaka.

Kwa nini mapafuni?

Kazi ya chembechembe za kondo ni kupenya mishipa ya damu ya mji wa mimba. Zikigeuka saratani, huingia kwenye damu kwa urahisi. Damu hiyo hurudi kwenye moyo, kisha husukumwa mapafuni. Huko ndiko zinakonasa kwanza.

Dalili za kuangalia

- Kutokwa damu ukeni bila kukatika
- Kikohozi, kukosa pumzi au kukohoa damu
- Kipimo kuonyesha una mimba wakati huna

Je, inatibika?

Ndiyo! Mwaka 1956 huko Marekani, madaktari Min Chiu Li na Roy Hertz walitumia dawa ya methotrexate kumtibu mwanamke ambaye saratani hii ilishafika mapafuni, akapona. Leo wengi sana hupona, na wengi huzaa tena.

Ufanye nini?

Mweleze daktari mimba zako zote, hata iliyotoka. Usione haya. Omba apime damu homoni ya ujauzito, hCG, pamoja na eksirei ya kifua. Uingereza, mkalimani wa NHS halipiwi.

Kama uliwahi kusafishwa mimba ya zabibu, usiache vipimo vya kufuatilia kwa sababu umehama nyumba au unakwenda likizo nyumbani. Wape anwani mpya. Na usishike mimba nyingine mpaka uruhusiwe, maana homoni ya mimba mpya itaficha ugonjwa.